Mabomba Matatu ya Petroli na Jinsi ya Kuyatambua

Somo langu ni la karakana, nalo lahusu mabomba yapitayo chini ya motakaa ya zamani, toka tangi mpaka injini. Mtu akiyachanganya, motakaa haitakwenda vizuri. Na lililo baya zaidi, yaweza kuwaka moto na watu wamo ndani.

Nafanya kazi ya ufundi hapa Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru katika Zambia. Mzee mmoja wa Kashikishi aliniletea Chevrolet Chevelle ya mwaka 1972, motakaa ya Kimarekani yenye injini kubwa ya silinda nane, iliyovuka zamani kutoka upande wa Kongo. Alitaka ifufuliwe ili awapeleke wajukuu zake Mansa. Fundi mwingine alikuwa amekwisha ishika. Ilizimika kila baada ya maili chache, na kiti cha nyuma, wakaapo watoto, kilinuka petroli.

Chini yake mna mabomba matatu, na kila moja lina kazi yake. La kwanza hupeleka petroli toka tangi hadi kwenye pampu na kabureta. La pili hurudisha tangini petroli iliyozidi, pamoja na mapovu ya mvuke, ili petroli iliyo karibu na injini isikae na kuchemka. La tatu halichukui petroli, bali huchukua mvuke tu toka juu ya tangi mpaka kwenye kopo la mkaa lililo chini ya boneti. Mkaa huushika mvuke, na injini ikiwaka huuvuta na kuuchoma.

Kopo hilo liliwekwa kwa sababu ya sheria za kuzuia hewa chafu. Lilianza California kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani yote kwa magari ya mwaka 1971. Magari mengi ya kabla ya hapo hayana bomba la mvuke. Tangi lao hupumua kwa tundu la kifuniko au kwa bomba fupi lililo wazi.

Kupumua huku wavuvi wetu wakujua sana. Kabla ya kuondoka kwenda kisiwa cha Kilwa au Chisenga, mwenye mashua hulegeza skrubu ndogo iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Akisahau, injini huzima katikati ya maji, kwa maana petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii kushika mahali pake.

Sasa, twayatambuaje? Msitegemee unene peke yake. Katika magari hayo bomba la kupeleka mara nyingi ndilo nene, inchi 3/8 au 5/16. Lakini hayo mengine mawili ni membamba, na yaweza kulingana kabisa. Wala msitegemee mahali yalipofungwa, maana huenda aliyetangulia aliyahamisha. Fanyeni hivi:

1. Itoeni motakaa nje penye upepo, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Fungueni waya wa betri, kisha mwageni petroli katika debe la chuma lenye kifuniko.

2. Fungueni kila bomba ncha zote mbili. Pulizeni taratibu upande wa mbele kwa pampu ya baiskeli, mwenzenu ashike kidole chenye maji upande wa nyuma. Msipulize wala msifyonze kwa mdomo. Kila bomba lifungeni karatasi yenye namba, ncha zote mbili namba ile ile.

3. Toeni kipimo cha petroli kilicho tangini. Bomba lishukalo mpaka chini na kuishia katika chujio ni la kupeleka. Lile jingine lililo pamoja nalo, lisilo na chujio, ni la kurudisha. Litokalo juu kabisa ya tangi ni la mvuke.

Katika motakaa ya mzee tuliona kwamba mpira wa kurudisha ulikuwa umeungwa kwenye kopo la mkaa. Petroli ilililowesha kopo na kudondoka karibu na bomba la moshi. Bomba la mvuke nalo lilizibwa kwa skrubu, na kifuniko kipya cha tangi hakikuwa na tundu. Huku nyuma, bomba la kurudisha liliachwa wazi, na mvuke wa tangi ukapanda mpaka walipokaa watoto.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Hutambaa chini na kutafuta moto, hata ule wa jiko la mkaa uani. Kwa hiyo tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, asilichomelee mtu. Nayo mipira iwe ile iliyotengenezwa kwa petroli, si mpira wa kumwagilia bustani.

Tuliunga kila bomba mahali pake, tukaweka kopo jipya, na injini haikuzima tena. Mzee alikwenda Mansa na wajukuu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, wala hapakuwa na harufu.

Maswali ya kujipima:

1. Ziwa Mweru liko kiasi cha meta 920 juu ya bahari. Je, petroli huchemka upesi zaidi hapa au Dar es Salaam? Kwa nini?

2. Gari la mwaka 1965 lisilo na bomba la mvuke limewekewa kifuniko kisicho na tundu. Litapatwa na nini?

3. Mabomba mawili yana unene mmoja. Utajuaje lipi ni la mvuke?