Umeme ukikatika, zima Wi-Fi ya laptopu kabla hujaendelea kuchapa

Hili ni la wenye steshenari na yeyote anayetegemea laptopu dukani.

Juzi kati umeme ulikatika saa nne asubuhi. Kuna kaka alikuja kuchapiwa barua ya maombi ya kazi na wasifu wake, mwisho wa kupeleka ni siku hiyo hiyo. Laptopu ina chaji 40%. Nikamwambia kaka tulia, inatosha. Nikaendelea kuchapa huku hotspoti ya simu ipo hewani, maana alinitumia picha za vyeti WhatsApp na mimi nikasahau kuizima. Kumbe Windows imeona intaneti ipo, inashusha apdeti zake kimyakimya. Bando likaisha, simu ya miamala ikabaki 12%, laptopu ikazimika nikiwa ukurasa wa pili. Sijasevu! Kaka wa watu akaondoka kutafuta duka lenye jenereta. Sikumdai hata mia.

Sasa sikia. Ndani ya laptopu kuna kifaa kama redio ndogo. Hata kama hujaunganisha popote, kinaendelea kutafuta mtandao wa karibu, na kutafuta huko kunakula chaji. Tuseme ukweli, chenyewe hakili sana. Chukua betri ya wati-saa 40 (imeandikwa kwenye kibandiko cha betri, Wh). Laptopu ikitumia wati 10 utakaa saa 4. Ukipunguza wati 1 tu, unapata karibu nusu saa ya ziada. Betri zetu za mtumba zilizochoka gawa kwa mbili, robo saa hivi. Kwa anayechapa haraka hapo kuna ukurasa mzima.

Lakini faida kubwa ni ile ya kuzuia apdeti na programu zinazopakia mafaili mtandaoni bila kukuuliza. Hizo ndizo zinafanya mashine ichemke na feni ipige kelele.

Kuzima ni rahisi. Bonyeza alama ya mtandao kule chini kulia karibu na saa, kisha gusa Wi-Fi. Au bonyeza kitufe chenye picha ya ndege, kwenye mashine nyingine mpaka ushike na Fn. Laptopu za zamani nyingine zina swichi pembeni, ichunguze yako. Ukitumia ya ndege, Bluetooth nayo inazimika, kwa hiyo mausi ya Bluetooth itagoma. Ile yenye kidude cha kuchomeka USB haina shida. Na kama faili la mteja lipo mtandaoni, lishushe kwanza ndio uzime, usije ukajifungia nje.

Halafu zima na hotspoti ya simu. Wengi tunasahau hapa, unaokoa laptopu halafu simu inakufa na wateja wa kutoa pesa wamesimama.

Mwanga wa kioo pia shusha. Huo unakula kuliko Wi-Fi, wala usibishane.

Kama intaneti unaihitaji kweli, ingia kwenye mipangilio ya huo mtandao wa simu yako, washa palipoandikwa Metered connection. Windows itaacha kushusha apdeti nyingi, na bando litapumua hata siku umeme upo.

Printa bila umeme hapo huna ujanja, ndio maana flashi iwe karibu. Wiki iliyopita umeme ulikatika tena, nipo na dada mmoja anachapiwa risala ya kikundi chao, chaji 35%. Nikazima Wi-Fi, nikashusha mwanga, nasevu kila aya. Kurasa tatu zikaisha imebaki 9%. Nikamwekea kwenye flashi, akaenda kuprinti stendi. Hela ya kuchapa nilipata, ya kuprinti ikaenda kwa mwenye jenereta.