Kikikosekana hiki, weka kile: somo la kubadilisha viambato jikoni

Chapati, mahamri na keki hupikwa kuanzia Voi hadi Taveta, ilhali ngano si zao la Kaunti ya Taita Taveta. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya hununuliwa kutoka nje ya nchi, na bei yake inapopanda huko, mpishi wa Mwatate anaihisi mfukoni. Wakati huohuo kaunti ina mihogo, mtama na viazi vitamu, ndizi za Taveta, maziwa na asali.

Kubadilisha viambato si jambo geni hapa. Kimanga cha Wataita hupondwa kwa maharagwe pamoja na mihogo, viazi vitamu au ndizi, kulingana na kilichopo. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa vyakula vya unga bila kuharibu chakula, na bila kuhatarisha afya ya wanaokula.

Kanuni ya kwanza: jua kazi ya kiambato

Kabla ya kubadilisha kitu chochote, jiulize kinafanya kazi gani. Unga hushikilia chakula. Hamira na bekin pauda huumua. Yai hushikanisha na kuongeza unyevu. Mafuta hulainisha. Sukari huongeza utamu na pia rangi. Mbadala mzuri ni ule unaofanya kazi ileile.

Unga

Ngano ina protini iitwayo gluteni, ambayo hufanya donge livutike na kushika hewa. Mihogo, mtama na ndizi hazina gluteni. Ndiyo maana chapati ya mtama mtupu hukatika, na mkate wa mihogo mitupu haupandi kama wa ngano. Basi usiondoe ngano yote. Punguza sehemu yake.

- Mahamri na mkate: katika vikombe 4 vya unga, weka vikombe 3 vya ngano na kikombe 1 cha unga wa mihogo au mtama.
- Chapati: vikombe 3 vya ngano na kikombe 1 cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa. Viazi vina maji yake, kwa hiyo ongeza maji kidogokidogo unapokanda.
- Chapati za maji: hizi hazihitaji kuvutika sana, hivyo nusu ya unga inaweza kuwa mtama au mihogo.

Mayai, maziwa, mafuta na sukari

- Yai 1 katika keki: robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa. Hufaa kwa yai moja au mawili. Keki inayopandishwa na mayai yaliyopigwa hadi yakatoa povu haitafaulu kwa ndizi.
- Bekin pauda, kijiko kidogo 1: robo ya kijiko kidogo cha bekin soda na nusu kikombe cha maziwa lala. Punguza nusu kikombe cha maji au maziwa mengine, kisha oka mara moja, kwa sababu hewa huanza kutoka mara tu vikichanganyika. Magadi ya kupikia maharagwe si bekin soda, yasitumike hapa.
- Maziwa lala, kikombe 1: weka kijiko kikubwa 1 cha maji ya ndimu au siki kikombeni, jaza maziwa, kisha subiri dakika 10.
- Tui la nazi: maziwa ya ng'ombe kwa kipimo kilekile. Ladha ya nazi itapotea, lakini mahamri yataumuka.
- Siagi, kikombe 1: robo tatu ya kikombe cha mafuta ya kupikia.
- Sukari, kikombe 1: robo tatu ya kikombe cha asali. Punguza vijiko vikubwa 3 vya maji na upunguze moto, kwani asali huungua upesi.

Hamira haina mbadala kamili katika mkate. Bekin pauda itapandisha mandazi, lakini haitatoa mkate wa kawaida.

Mambo manne ya usalama

Mihogo. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sumu ya sayanidi. Mnamo Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula unga wa mihogo wenye sumu hiyo. Kukaanga hakuondoi hatari. Tumia mihogo mitamu, uimenye, uikate vipande, uiloweke, kisha uianike hadi ikauke kabisa kabla ya kusaga. Unga ukiwa mchungu, utupe. Mtu akitapika, akipata kizunguzungu au kuumwa na kichwa baada ya kula mihogo, apelekwe hospitalini mara moja.

Madini. Tangu 2012, sheria ya Kenya inavitaka viwanda kuongeza madini ya chuma na zinki, pamoja na vitamini ikiwemo asidi ya foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi unaofungashwa. Unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani haujaongezwa virutubisho hivyo. Asidi ya foliki humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo mama mjamzito anayebadilisha unga asiache vidonge anavyopewa kliniki. Familia nzima ile maharagwe, pojo au mboga za majani, pamoja na chungwa au ndimu, ambayo husaidia mwili kupokea chuma.

Ukungu. Mahindi, mtama na karanga zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huweza kupata sumukuvu. Mwaka 2004, watu 125 walifariki katika Makueni, Kitui na maeneo ya jirani kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Nafaka yenye ukungu isisagwe, wala isichanganywe na nzuri, na wala isipewe mifugo.

Asali. Usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Mwenye kisukari naye akumbuke kwamba asali huongeza sukari mwilini.

Zoezi la nyumbani

Wiki hii, chagua chakula kimoja mnachokipika mara kwa mara na ubadilishe kiambato kimoja tu. Andika kipimo ulichotumia. Kikiwa kizito au kimekauka, ongeza maji kidogo mara ijayo; kikikatika, rudisha ngano kidogo. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichoharibu. Pika kiasi kidogo kwanza, hasa kwa wanaouza mahamri asubuhi, ili hasara isiwe kubwa.

Kwa ushauri kuhusu mbegu za mihogo mitamu na ukaushaji wa mazao, muone afisa wa kilimo wa wadi yako. Kwa maswali ya lishe ya watoto na wajawazito, muone mhudumu wa afya ya jamii au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.