Kapu la Dameski na Mwiba wa Paulo

Somo la juma hili ni 2 Wakorintho 11:23 hadi 12:10. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, tena pole pole, kwa maana tumezoea kuruka mpaka kwenye mwiba na kuyaacha yaliyoutangulia.

Kanisa la Korintho lilikuwa limeingiliwa na wahubiri wenye kujisifu. Paulo alidharauliwa: barua zake nzito, lakini akisimama mbele ya watu ni mnyonge, hata kusema hajui (10:10). Si ndivyo tunavyowapima watumishi hata leo? Tunaangalia sauti, gari, na ukubwa wa bango la mkutano.

Sasa Paulo analazimika kujitetea. Ungetarajia ataje makanisa aliyoyapanda. Yeye anataja mapigo! Mara tano alichapwa viboko 39, mara tatu akapigwa kwa fimbo, mara moja kwa mawe, mara tatu akavunjikiwa na merikebu. Halafu anamalizia na jambo la ajabu: kule Dameski alitoroka ndani ya kapu, akateremshwa kupitia dirisha la ukutani.

Mimi hucheka kidogo nikifika hapo, kisha nanyamaza. Katika jeshi la Rumi, askari wa kwanza kupanda ukuta wa adui alipewa taji. Korintho ilikuwa koloni la Rumi, bila shaka walizijua heshima za namna hiyo. Na Paulo anajisifu kwamba yeye ukuta aliuteremka, kama gunia la viazi.

Ndipo anakuja kwenye mbingu ya tatu. Maono hayo yalikuwa na miaka 14, na anayasimulia kana kwamba ni ya mtu mwingine. (Siku hizi tungekuwa tumeshauza kanda.) Kisha mwiba. Wengine husema ni macho, wengine maadui. Paulo hakusema, basi nami siongezi. Aliomba mara tatu uondoke, kama Bwana wetu alivyoomba mara tatu Gethsemane, na mwiba ukabaki. Bwana alimpa neema ya kumtosha, akamfundisha kwamba nguvu Zake hukamilika pale mtu alipoishiwa. Na neno la Kiyunani analotumia Paulo mwisho wa 12:9 ni la kupiga hema: nguvu za Kristo zipige hema juu yake, hapo hapo penye udhaifu.

Nalisema hili kwa sababu. Kuna mama ninayemfahamu, mwombaji wa miaka mingi, aliyekatwa mguu kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Watu wakaja kumwona, na kabla hata hawajakunywa chai wakamuuliza, "Mama, ni mlango gani ulimfungulia adui?" Mguu haukuwa umemliza. Swali lile lilimliza.

Wapendwa, hiyo si huduma. Tunaamini uponyaji, mimi huwawekea wagonjwa mikono na sitaacha. Lakini Paulo huyu, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa kule Efeso nao wakapona (Matendo 19:12), ndiye aliyemwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20). Ndiye aliyemshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Epafrodito naye aliugua karibu kufa, na Paulo akawaambia Wafilipi wampokee kwa heshima. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa habari za mlango.

Basi, wewe unayehudumu, awe ni mwimbaji, mwalimu wa watoto au mchungaji: ukiwa mgonjwa, sema. Ukiwa umechoka, sema. Kuna watumishi wanaopanda madhabahuni wakiwa na homa kali, wakiogopa waumini watasema upako umeondoka. Paulo aliyaandika haya yakasomwa mbele ya kanisa lote, tena kanisa lililokuwa likimcheka.

Nanyi wazee, Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite ninyi. Mkiitwa, nendeni na mafuta na maombi ya imani, mkaombe mara moja, mara mbili, mara tatu. Na kama jikoni hakuna kitu, bebeni na unga.