Mrenda wa gunia: mbegu ngumu, maji moto

Mrenda ukikataa kuota, lawama humwangukia aliyeuza mbegu. Mara nyingi mbegu ni nzima kabisa. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na bamia na pamba, na mbegu yake ina ganda gumu lisilopenyeka maji kwa urahisi. Ukizimwaga kwenye udongo hivi hivi, chache zitaota sasa, nyingine mwezi ujao, na nyingi zitalala tu.

Dawa iko jikoni. Funga mbegu kwenye kitambaa chepesi. Chemsha maji, epua, ngoja mapovu yatulie, kisha zamisha kitambaa kwa sekunde 5 hadi 10. Toa, tandaza mbegu zikauke usiku kucha, panda kesho yake. Tafadhali usizidishe muda huo, maana mbegu ikikawia humo itaiva na kufa. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kila kitu.

Kwa mpangaji wa ploti za Riruta, Kawangware au Kibera jijini Nairobi, shamba ni gunia. Kilimo hiki kilishika kasi Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowasaidia wakazi kupanda mboga kwenye magunia. Chukua mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto. Zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Vuta mkebe juu, ujaze tena, uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Bila hiyo mizizi ya chini hukauka huku juu kukiwa tope.

Mbegu za mrenda ni ndogo mno, gramu moja ina mamia. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage juu ya gunia, kisha funika kwa udongo usiozidi sentimita 1. Miche ikifikisha majani manne, ing'oe inayosongamana uipandikize kwenye matundu uliyotoboa ubavuni mwa gunia, jioni jua likishapoa.

Chagua majira. Riruta iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mrenda ni mmea wa joto. Panda mvua za Machi na Aprili zinapoanza, au zile za Oktoba. Ukipanda Juni, baridi itaudumaza hadi Agosti. Miezi hiyo mwachie sukuma wiki gunia lako.

Usinyweshe maji ya mtaro hata kama ya mfereji yamepotea wiki nzima. Maji ya kusuuzia mchele au mboga yanafaa. Gunia lisikae kando ya barabara yenye magari mengi, kwa kuwa uchafu wa moshi na vumbi hutua kwenye majani, na ni majani hayo watoto watakayokula. Ukiona mimea inanyauka ilhali udongo una maji, ng'oa mmoja: mizizi yenye vifundo ina minyoo, na hapo udongo wote ubadilishwe.

Baada ya wiki tano au sita, mimea ikifika magotini, kata ncha na uache shina lenye majani kadhaa. Litachipua pembeni, nawe utachuma tena na tena. Kata maua yanapotokea, isipokuwa kwenye mimea miwili mitatu yenye nguvu zaidi. Hiyo iache izae. Maganda yakiwa ya kahawia, yachume kabla hayajapasuka, yaanike kivulini, uyapukuchue. Mbegu zihifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na watoto na kuku: majani ya mrenda ni chakula, lakini mbegu zake zina sumu inayodhuru moyo.