Mkimbizi Ana Moyo, Si Tumbo Tu

Ndugu yangu Muislamu, akitajwa mkimbizi, haraka tunafikiria mahema, unga na mablanketi. Sadaka hizo zina malipo makubwa, wala hatuzidharau. Lakini leo napenda tulitazame jambo tunalolisahau: moyo wa mtu aliyeng'olewa kwao.

Sisi walimu tunaposomesha Hijra ya mwaka 622 tunaisimulia kama safari ya ushindi, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini ndani yake mlikuwa na majonzi. Mtume (s.a.w) alipotoka Makka aliigeukia, akasema kuwa ndiyo ardhi aipendayo mno, na lau watu wake wasingemtoa asingeihama. Walipofika Madina, Abubakar na Bilal (r.a) walishikwa na homa. Bibi Aisha (r.a) anasimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba kila homa ilipompungua Bilal alipaza sauti kwa beti za kuyatamani mabonde na maji ya Makka. Huyu ni Bilal aliyelazwa kwenye mchanga wa moto katika Makka hiyo hiyo na kuwekewa jiwe kifuani!

Je, Mtume (s.a.w) alimkemea? Alimwambia ashukuru kwa kuwa amenusurika? Hapana. Alimuomba Allah (s.w) awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Basi anayelilia kwao si mkosefu wa shukrani.

Pili, tuangalie heshima. Saad bin Rabii (r.a), katika Answari, alitaka kumpa nduguye Abdurrahman bin Auf (r.a) nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akauza samli na maziwa makavu, na haukupita muda akaoa. Aliyepoteza kila kitu anatamani kusimama tena kwa miguu yake. Leo baba wa familia ya wakimbizi huenda hospitali au ofisini akiongozwa na mtoto wake, kwa kuwa mtoto amewahi kuijua lugha. Aliyekuwa mwenye kauli kwao sasa anasubiri atafsiriwe. Unga haulitibu jeraha hilo.

Mfano tunao hapa nchini. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia, wakakaa katika bonde la mto Juba. Vita vilivyozuka huko mwaka 1991 viliwakimbiza wajukuu wao. Wengine walikwenda Kenya, wengine walikuja kwa bahari hadi Tanzania. Mwaka 2003 walipelekwa Chogo, Handeni, mkoani Tanga, na baadaye wengi wakapewa uraia. Walirudi katika ardhi ya babu zao wakiwa bado na Kizigua chao. Hata hivyo nimesikia watu wakiwaita "Wasomali". Kule walibaguliwa kwa asili yao ya huku, na huku wanaonekana wa kule. Sasa mtu huyu kwao ni wapi?

Darasani kwangu nimewahi kuwa na kijana aliyezaliwa kambini. Kila mmoja alilijua jina lake, lakini wenzake walimwita "mkimbizi". Alikuwa akijibu maswali yote ya kwenye karatasi, na hakunyoosha kidole hata siku moja. Neno moja tu lilitosha kumfunga mdomo.

Katika Suratul Hashr, aya ya 9, Allah (s.w) anawasifu Answari kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza mbele ya nafsi zao japo wenyewe ni wahitaji. Sifa ya kwanza pale ni mapenzi, kisha ndiyo yakaja ya mali.

Kwa hiyo ndugu zangu, tumwite mgeni wetu kwa jina lake. Tumuulize habari za kwao na tumsikilize hata akilia. Tumwonyeshe soko, tumpe nafasi katika safu na katika kamati ya msikiti, tumwalike harusini na tuende msibani kwake. Hayo hayahitaji mfadhili.

Allah (s.w) atujaalie nyoyo za Answari. Amin.