Usiilaumu Kamera, Chunguza Pangaboi

Leo nataka tujifunze kuhusu jambo lililonitia aibu mbele ya shule nzima: video inayotetemeka.

Siku yetu ya michezo, mjomba alikubali kuleta droni yake, akiwa na kibali kama kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinavyotaka. Kazi yangu ilikuwa kuhifadhi mbio za kupokezana vijiti, mbio za mwisho za wenzetu waliokuwa wakimaliza shule. Jioni tulipoitazama video, lo! Milingoti ya goli ilijipinda kama nyoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mjomba, kamera yako ni mbovu," nikasema.

"Wacha kuisingizia, mpwa wangu. Hebu gusa hapa."

Ncha ya pangaboi moja ilikuwa imemeguka. Kumbe asubuhi droni iligusa tawi la mwembe, nasi hatukuikagua!

Basi tuingie darasani. Tuseme pangaboi linazunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde. Upande mmoja ukiwa mzito, droni hutikiswa mara 100 kila sekunde. Tena kamera nyingi za droni hazichukui picha nzima kwa mpigo. Huisoma mstari kwa mstari. Usomaji huo ukichukua sehemu moja ya 50 ya sekunde, kamera itakuwa imetikiswa mara mbili kabla ya picha moja kwisha. Ndiyo maana mlingoti hujipinda.

Dawa ni hizi. Kwanza, pangaboi lililomeguka ulitupe, usilibandike. Pili, litundike lile jipya kwenye kijiti chembamba kilicholala. Upande unaoshuka ndio mzito, kwa hivyo bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye upande mwepesi mpaka zilingane. Tatu, kaza skrubu, na uangalie raba laini zinazoishikilia kamera. Zikikauka, mtetemo hupita moja kwa moja. Nne, jua likiwa kali, ivishe lenzi kioo cheusi, mfano wa miwani ya jua, ili kila picha ichukuliwe polepole zaidi. Hilo hufifisha mtetemo mdogo, lakini haliuondoi.

Utaniuliza, "Na gimbali je?" Gimbali ni kile kishikio chenye mota ndogo kinachoiweka kamera sawa droni inapoyumbishwa na upepo. Kwa kuyumba kwa polepole, kinafaa sana. Mtetemo wa mara 100 kwa sekunde hukishinda.

Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi iliyofuata tulibadilisha pangaboi, tukairusha droni tena uwanjani. Milingoti ilisimama wima, tisti! Lakini wakimbiaji hawakuwepo.

Ni hayo tu kwa leo. Kagua kabla ya kurusha.