Somo: Kukodi Ghala Mjini Kismayo

Ndugu zetu wavuvi na wachuuzi wa Kudha, anayehitaji chumba mjini Kismayo cha kuhifadhi nyavu, injini ya boti au bidhaa hana budi kuyafahamu mambo matatu kabla ya kupokea ufunguo.

Kwanza, joto. Kismayo iko karibu na ikweta, na chumba cha mabati kisicho na madirisha huwa na joto kuliko nje. Petroli isihifadhiwe humo: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Mitungi ya gesi ikae nje, wima, kivulini.

Pili, mkataba. Uandikwe mbele ya mashahidi, utaje kodi, muda, orodha ya vitu na mwenye kushika ufunguo.

Tatu, mali ya wengine. Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa Azimio 2036, lilipiga marufuku kuuza nje makaa ya Somalia, kwa kuwa biashara hiyo iliwanufaisha Al-Shabaab. Gunia halisemi ni la nani. Anayeulizwa kwanza ni yule aliyekodi chumba. Kwa hiyo msimkodie mtu msiyemjua kwa jina lenu, wala msipokee mzigo msiouona ndani.

Mkitilia shaka ghala lolote, msilivunje wala msilipekue. Waarifuni wazee wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Tahadhari kabla ya hatari.